Mawe ya Wapagazi Yamebaki, Mama

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na habari yenyewe, maana hukuwapenda watu wa kuzunguka: Mawe ya Wapagazi hayajapasuliwa. Msitu wake umesimama. Miti kumi na mmoja imekwenda, na nitakueleza ilikwendaje na nani aliiachia, lakini iliyobaki imebaki kwa sheria, na karatasi yenye mhuri iko kabatini kwa mwenyekiti wa kijiji. Mbele kidogo katika habari hii utanikasirikia. Nikasirikie, lakini usiiache barua katikati.

Unakumbuka nilivyokuja Goweko? Binti wa fundi cherehani kutoka Gongoni, Tabora mjini, cherehani yangu ikiwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, nimevaa viatu vyeupe vya harusi katika vumbi lile. Kwangu mimi msitu ulikuwa kitu kinachopita dirishani mwa treni. Miti yote niliiona mti mmoja. Mwanao Maganga alikuwa ameniambia njiani, "Mama ni mkali, lakini hana maneno mengi." Alisema kweli nusu. Maneno ulikuwa nayo, ila ulikuwa unasubiri mtu afanye kosa kwanza ndipo uyatoe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa uyoga. Mvua za kwanza zilinyesha nikiwa na miezi mitatu pale nyumbani, nikawaona wanawake wanarudi na vikapu, nikasema na mimi nikamfurahishe mama mkwe. Nikaingia nyuma ya mashamba peke yangu. Nikarudi na kikapu kimejaa, uyoga mweupe, mzuri, kama vikombe vya kaure. Ulikitazama kikapu, ukanitazama mimi, ukakibeba mpaka shimo la taka, ukakimwaga na kufunika kwa majivu. Kisha ukanimwagia maji mikononi, mara ya kwanza na mara ya pili, kwa sabuni.

"Huo," ulisema, "ungetumaliza wote kabla ya magharibi. Hata kuku."

Nililia jikoni siku ile. Nilidhani umenidharau. Kesho yake alfajiri ulisimama mlangoni na vikapu viwili, ukasema "Twende," basi. Ulinipitisha chini ya miti, mitundu na miyombo, ukinifundisha kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Huu wa manjano, unaofunguka kama tarumbeta, ndio wa kukausha. Huu mwekundu, mpana kama sahani, unaliwa leo leo. Huu wa kwenye kichuguu ni mtamu kuliko kuku, usimwonyeshe mtu ulipouona. Ulikuwa unavunja shina, unanusa, kisha unanipa mimi ninuse, na nikikosea unanyamaza mpaka nipatie.

Nilikuuliza kwa nini tusitafute mbegu yake tukaupanda karibu na nyumba, tukapumzika na kutembea. Ulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kukuona unacheka.

"Uyoga haupandwi, mwanangu. Unakaa na mtundu kama mtoto na mama yake. Ukikata mti, uyoga unahama, na hauagi."

Siku hiyo hiyo ndipo ulinifikisha penye Mawe. Watu wa kwetu mjini wanaposikia neno hilo wanadhani ni mlima. Si mlima, ni majabali makubwa ya kijivu yaliyolaliana katikati ya msitu, kama vyungu vilivyopinduliwa vikauke. Katikati yake kuna shimo linaloshika maji ya mvua mpaka mwezi wa nane. Kando ya shimo kuna rundo la mawe madogo madogo, refu kufika kiunoni. Na nyuma ya rundo, chini ya miti iliyozeeka, viinuko tisa vya udongo, vimezungushiwa mawe, vimefagiwa.

Uliniambia njia ya misafara ilipita pale, ya watu waliobeba mizigo kutoka pwani kuja Tabora na kurudi. Walikuwa wakinywa maji, na kila anayepita anaweka jiwe moja kwenye rundo. Uliokota jiwe ukanipa.

"Weka."

"La nini?"

"La kusema umefika."

"Mimi ni Mwislamu, mama. Mambo ya kutambikia mawe siyawezi."

"Nani kakwambia utambikie? Nimesema uweke jiwe. Umefika au hujafika?"

Sikuliweka. Nililiangusha chini taratibu nikidhani huoni. Uliona, ukashika ufagio wako wa matawi ukaanza kufagia vile viinuko, na huku unafagia ukanisimulia habari ambayo mimi niliisikia kwa sikio moja, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanatafuta uyoga. Kwamba msafara mmoja uliingiwa na ndui, wagonjwa wakaachwa pale kwenye maji wajifie. Kwamba bibi wa bibi zako walikuwa wakiwapelekea uji, wanauweka mbali kwa kuogopa ugonjwa, wanapiga kelele, "Chakula hicho!" kisha wanakimbia. Kwamba mpagazi mmoja, mzima wa afya, alikataa kuwaacha wenzake, akabaki akiwazika mmoja mmoja. Na naye ndui ikamkuta. Alipokufa hapakuwa na mwenzake wa kumzika, basi wakamzika watu wenu.

"Hawa ni wageni wetu," ulisema. "Mgeni akifia kwako, kaburi ni lako."

Mimi nikasema, "Kweli mama," na nikainama kuchuma uyoga wa manjano.

Ulipougua, mwaka juzi mvua za mwisho zikiondoka, ulikuwa umekwisha kuniachia karibu kila kitu: ufunguo wa ghala, mbegu za mtama, mjukuu wako alale saa ngapi. Siku mbili kabla hujatutoka ulinishika mkono. Nilitegemea neno kubwa. Ukasema, "Mwezi wa sita usisahau njia ya moto." Yaani kulifyeka lile zunguko la kuuzuia moto wa kiangazi usiingie kwenye Mawe. Nikasema nimesikia, na kweli mwezi wa sita nikaenda na Maganga tukafyeka. Lakini nilifyeka kama mtu anayefua nguo ya marehemu, kwa heshima tu. Mahali penyewe sikupapenda. Niliona haya mbele ya watu wa msikitini nilipokwenda mjini, kuwa naishi kwenye ukoo unaofagilia majabali.

Sasa nafika mahali pa kunikasirikia.

Unamjua jirani yetu wa upande wa kisima, ambaye sasa tunamwita Mama Kulwa. Mwaka jana mwezi wa saba alishikwa na uchungu, tukampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumpeleka zahanati ya mbali, maana ya kwetu ilikuwa kuta tupu, haina sakafu wala paa. Nilikuwa mimi niliyemshikilia mgongo. Kulwa alizaliwa njiani, kwenye mkokoteni, akalia. Dotto alizaliwa nyuma yake, hakulia. Tulirudi nyumbani na mtoto mmoja.

Mwezi uliofuata akaja mkandarasi wa barabara. Alitaka mawe ya kusaga kokoto, na alikuwa ameyaona majabali yetu. Alisema akiruhusiwa kuyapasua, atatuachia kokoto za kumalizia zahanati, na miti itakayoondolewa wagawane wenye mabani ya kukaushia tumbaku, ambao kila mwaka kuni wanazifuata mbali zaidi. Mimi wakati huo nilikuwa nimechaguliwa kwenye halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti akauliza nani anakubali.

Niliinua mkono, mama. Sikushurutishwa na mtu. Niliuinua wa pili baada ya mwenyekiti, na niliuinua juu.

Nilimwambia Maganga jioni akiwa anatengeneza mpini wa jembe. Akaacha.

"Umeinua mkono?"

"Nimeinua. Kwa ajili ya zahanati."

"Sawa."

Hiyo "sawa" ilikaa ndani ya nyumba yetu majuma mengi. Hakunigombeza. Tangu tulipokuzika hakuwahi kukutaja hata mara moja, na baada ya siku ile akawa hata mimi hanitaji. Anakula, anashukuru, anatoka.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zimeanza, wakaja na chenso, ile misumeno ya injini. Waliangusha miti kumi na mmoja siku moja, ya upande wa njia, ili gari lipate pa kuingilia. Mmoja wao ulikuwa ule mtundu uliokuwa na nyuki shinani. Nyuki walizunguka pale siku tatu, wakitafuta mlango. Kisha mvua ikanyesha kubwa, gari likazama kwenye tope, mkandarasi akasema atarudi njia ikikauka.

Wiki chache baadaye nilichukua kikapu nikaenda kutafuta uyoga. Nilikwenda moja kwa moja mahali petu, pale ulipokuwa ukipita bila hata kutazama chini, kwa kuwa ulikuwa unajua. Palikuwa peupe. Jua linapiga mpaka ardhini, udongo umevurugwa na matairi, visiki vinatoa utomvu. Hapakuwa na uyoga hata mmoja. Hata ule mbaya. Nilisimama na kikapu kitupu nikajiona mjinga kuliko siku ile ulipokimwaga kile cha kwanza, maana siku ile sikuwa ninajua.

Sikuyalilia makaburi, nisikudanganye. Niliulilia uyoga. Niliona mjukuu wako atakua, na sitakuwa na mahali pa kumpeleka nikasema, "Nusa huu." Lakini ukianza kulia, mama, huchagui tena unalia nini.

Baba yangu alikuja kututembelea mwezi wa kumi na mbili. Unamjua alivyo, hata ugenini anatembea na futi yake ya kupimia nguo shingoni, utadhani ndiyo kitambulisho chake. Alishuka treni na mkoba mmoja na maneno mia. Siku ya pili akachoka kukaa, akasema nimwonyeshe msitu alioshiba kuusikia. Nikampeleka, nikitafuta njia ya kumwambia nilichokifanya.

Alifika kwenye viinuko vile tisa akanyamaza. Baba yangu, kunyamaza! Akavizunguka. Akachuchumaa kwenye cha kwanza, akagusa jiwe kubwa la upande wa mashariki, kisha dogo la upande wa magharibi. Akaenda cha pili, cha tatu.

"Mwanangu," akasema, "hawa ni Waislamu."

"Umejuaje?"

"Jiwe kubwa ni la kichwani. Kichwa mashariki, miguu magharibi. Ukimlaza ubavu wa kulia, uso wake unaangalia kaskazini. Kibla. Nimezika watu wengi mno nisijue kaburi lilivyo."

Alihesabu manane, yote yamelala sawasawa. La tisa akasita. Alilipima kwa ile futi yake, urefu na upana, kama anayemkatia mtu kanzu. Lilikuwa jembamba kama mengine, mawe yamepangwa kama mengine, kwa uangalifu hata kuliko mengine. Ila jiwe kubwa lilikuwa magharibi.

"Huyu wamemgeuza," baba akasema. "Anaipa kibla mgongo. Aliyemzika hakuwa anajua. Alitazama haya mengine, akajitahidi kufuatisha, akakosea upande."

Hapo ndipo habari yako ilinirudia yote, mama, neno kwa neno, ile niliyoisikia kwa sikio moja. Mpagazi aliyebaki akawazika wenzake. Watu wenu waliomzika yeye. Nilikaa chini. Nilimwambia baba habari ile, kisha nikamwambia na ya mkono wangu.

Baba aliniambia jambo ambalo nyumbani kwetu lilikuwa likisemwa kwa mzaha tu, kwamba babu yake yeye aliingia Tabora na mzigo kichwani, kutoka upande wa Manyema, na kwamba ndugu yake babu huyo alipotelea njia ya pwani, hawakujua alipoishia. "Simsemi kuwa ni mmoja wa hawa," alisema. "Njia ni ndefu na waliokufa ni wengi. Lakini kuna mtu aliwafagilia watu wetu miaka yote hii, na sisi tuko mjini tunasema hawa wa vijijini hawana dini."

Akainua mikono akawasomea Fatiha. Nami nikainua. Jiwe sijaweka mpaka leo, nakuambia ukweli. Ila tangu siku ile, nikipita pale nasoma Fatiha, na nadhani kwako wewe ni kitu kimoja.

Kurudi nyumbani nilimkuta Maganga anawafungia ng'ombe. Nilimwambia, "Nakwenda kuushusha mkono wangu." Alifunga lango, akafunga tena ambalo lilikuwa limekwisha kufungwa. Akasema, "Mkutano nitakuja." Ndilo neno refu zaidi nililolipata tangu mwezi wa nane.

Niliomba jambo hilo liletwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti hakufurahi, lakini alikubali, na mwezi wa kwanza watu wakajaa uwanja wa shule. Msimamizi wa mkandarasi naye alikuja, kijana mstaarabu mwenye buti za mpira. Nilisimama mbele yao. Nilisema niliinua mkono bila kujua ninachokiachia, nikaeleza wa mwisho alivyozikwa, nikaeleza na uyoga, na maji ya mwezi wa nane. Wazee wengine waliitikia kwa vichwa. Kisha akasimama Mama Kulwa.

"Wewe," aliniambia, "ulinishika mgongo kwenye ule mkokoteni. Ulimwona Dotto. Leo unasimama hapa unatetea wafu wa watu ambao hata majina hatuwajui, na mimi wangu je? Zahanati ikikosa sakafu, atakayekufia kwenye mkokoteni mwakani utamwambia nini? Utamsimulia habari za wapagazi?"

Nilimwambia: "Umesema kweli, dada. Zahanati naitaka kama wewe." Watu wakaanza kunong'ona. Nilidhani yamekwisha.

Lakini Mama Kulwa hakukaa. Alikuwa bado amesimama, Kulwa mgongoni, anatazama chini. Akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Huyo wa mwisho. Waliomzika hawakumjua jina?"

"Hawakumjua," nikasema.

"Na wamemfagilia mpaka leo?"

"Mama mkwe wangu alimfagilia mpaka alipougua."

Kisha akamgeukia yule msimamizi. "Kijana, kile kilima kipara cha karibu na reli, kisicho na mti wala kaburi, jiwe lake lina ubaya gani?"

Msimamizi akajikuna. "Halina ubaya, mama. Ni lile lile. Ila ni mbali kidogo, mafuta ya gari yataongezeka."

"Lakini kokoto zitatoka?"

"Zitatoka."

"Sasa kwa nini hamkusema?"

"Hatukuulizwa."

Mama, uwanja ulilipuka. Wengine wanacheka, wengine wanafoka, mwenyekiti anapiga meza. Mama Kulwa akangoja kelele ziishe, akasema, "Mimi nataka zahanati. Sitaki sakafu iliyotolewa juu ya kifua cha mtoto wa mtu." Ndipo akakaa, akamshusha Kulwa, akamnyonyesha, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

Wenye mabani walibisha kidogo kuhusu kuni, na haki yao wanayo, maana hata Maganga analima tumbaku na bani letu halikauki kwa maneno. Wamekubaliana kila mwenye bani apande miti yake ya kuni shambani kwake, na kuna mtaalamu amewafundisha kujenga bani linalokula kuni kidogo. Maganga alijenga la kwanza. Halikuvutia sana kulitazama, lakini linakausha. Mkandarasi alihamia kile kilima cha reli. Zahanati ina sakafu, mama, na paa, na kitanda cha kuzalia, na Mama Kulwa ndiye anayeshika ufunguo.

Kuhusu Mawe, tumeandika sheria ndogo ya kijiji. Afisa utamaduni na bwana misitu walitoka wilayani wakaja na daftari, wakapima mpaka, wakaweka alama. Uyoga ruksa, dawa ruksa, mizinga ruksa, matunda ya mbula na ntalali mtu aokote apendavyo. Shoka, mkaa, moto na ng'ombe, marufuku. Bwana misitu alituonyesha visiki vya ile miti kumi na mmoja. Vimechipua vyote. Machipukizi mekundu, yamenifika kiunoni, na anasema tukiyalinda na moto yatakuwa miti tena. Mwezi huu wa sita tulipokwenda kufyeka njia ya moto hatukuwa wawili. Wanawake wa uyoga walikuja wote, na vijana, na mwenyekiti mwenyewe na panga lake, akilalamika mgongo.

Nimekuwa nikilala vizuri. Sikujua ni kwa muda gani nilikuwa silali, mpaka nilipolala. Hata chakula kimerudi ladha yake. Nakaa kwenye cherehani asubuhi nashona sare za shule, nasikia upepo kutoka upande ule, na sina cha kuuficha.

Na sasa nikuambie ya Jumapili iliyopita, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Baba alikuja tena, safari hii na wazee sita kutoka Gongoni na Kanyenye, wenye kofia zao na makoti yao ya mjini, wameshuka treni wakipigwa na vumbi. Walikuja kuwasomea dua wale tisa. Watu wa kijiji walikwenda wote, wa kanisani na wasio wa kokote. Tulipika pale pale pembeni: ugali wa mtama, kuku, na uyoga wa manjano niliokausha, kwa karanga. Baba alipendekeza lile kaburi la tisa ligeuzwe mawe, lakini mzee aliyeongoza dua akakataa. Akasema anayeijua nia ya mtu anamwona popote alipoelekea, na waliomzika wasisahihishwe.

Dua ilipoisha mzee huyo akauliza, "Nani aliyekuwa akiyatunza makaburi haya? Tumwombee na yeye."

Watu wakanitazama mimi. Unajua jina lako siwezi kulitamka, mkamwana halitamki jina la mkwewe. Ndiyo maana hata mjukuu wako tuliyempa jina lako mimi namwita Bibi. Leo nitaliandika, unisamehe, kwa sababu habari hii haisemeki bila hilo. Nilimtazama Maganga. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, amekunja mikono. Miaka miwili na zaidi hakuwahi kulitoa mdomoni.

Akasema kwa sauti, mpaka majabali yakaitika, "Nyamizi."

Na kutoka kwenye masufuria, mkono umejaa ugali, mjukuu wako akaitika, "Abee, baba!"

Watu wote walicheka, mama, wazee wa mjini na wa kijijini, na Maganga alicheka mpaka akafunika uso, na alipoufunua ulikuwa umelowa. Alimwita mtoto, akambeba juu ya mabega, mtu mzima wa miaka sita na ugali wake. Yule mzee akauliza, "Sasa tumwombee Nyamizi yupi?" Maganga akasema, "Wote wawili." Wakainua mikono, Waislamu na Wakristo na wasio wa kokote, wakakuombea wewe kwa jina lako, pale pale ulipokuwa ukifagia peke yako.

Pumzika, mama. Ile kazi imepata watu.

Ni mimi, mkamwana wako.